Daftari la Nambari

Lipo swali moja ambalo nimelibeba kwa zaidi ya miaka arobaini. Kwa kuwa sasa nimestaafu, na sina tena darasa la kunikodolea macho ninapokosa jibu, naona si vibaya nikalitua hapa mbele ya msomaji. Swali lenyewe ni hili: je, mtu ana haki ya kupenda kitu kisichomfaa yeye wala mwenziwe? Sizungumzii mambo maovu. Ulevi na kamari vina hukumu zake, na wa kuhukumu hawajapungua. Nazungumzia jambo ambalo halimdhuru mtu, halimnufaishi mtu, na bado mwenye kulipenda huliamkia alfajiri kama anayekwenda kuswali.

Mfano wangu ni wa garimoshi, na msomaji atanivumilia, maana hapo ndipo nilipokosea.

Huko Uingereza wako watu, wengi wao wanaume, ambao wakipata mapumziko huenda kusimama mwisho wa jukwaa la stesheni wakaandika nambari za injini zinazopita. Hawasafiri. Hawampokei mgeni. Wana daftari, kalamu na chupa ya chai, na injini ikipita huandika nambari yake, kisha nyumbani huipigia mstari katika kitabu chenye orodha ya injini zote za nchi. Kazi imekwisha. Kesho yake huja tena, kwa sababu orodha ni ndefu na zipo ambazo hawajaziona. Kiswahili hakina jina la watu hawa, nasi hatukuwa na haja nalo. Mimi huwaita wavizia garimoshi, maana hulivizia kama mwindaji amviziavyo paa, ila wao hawana mshale, na windo lao huenda zake salama.

Wapo waliofanya hivyo tangu zamani, lakini aliyewapa kitabu ni kijana mmoja aitwaye Ian Allan. Alikuwa amepoteza mguu akiwa na umri wa miaka 15, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa akifanya kazi ofisini katika shirika la reli la Southern, pale Waterloo, London. Barua zilikuwa zikimiminika kutoka kwa watu waliotaka kujua habari za injini, naye akachoka kuzijibu moja moja. Akashauri ichapishwe orodha. Wakubwa wake hawakuona faida yake, kwa hiyo mwaka 1942 akaichapisha mwenyewe, kijitabu kidogo cha kutia mfukoni, bei shilingi moja. Kilinunuliwa upesi kuliko alivyotazamia. Baada ya vita, katika miaka ya 1950, hapakuwa na stesheni kubwa nchini mwao isiyokuwa na kundi la wavulana wenye kijitabu hicho. Injini za mvuke zikaendelea kupungua mpaka tarehe 11 Agosti 1968, siku garimoshi la mwisho la abiria la mvuke la shirika la taifa lilipofanya safari yake ya kuaga. Wengi waliacha siku hiyo. Wengine wakasema dizeli nayo ina nambari.

Na walichekwa. Koti la mvua lenye kofia, ambalo walilivaa kwa sababu mwisho wa jukwaa hauna paa, likawa tusi. Mpaka leo Mwingereza akikuita kwa jina la koti hilo, maana yake ni kwamba huna marafiki. Mwaka 1993 Irvine Welsh, mwandishi wa Uskoti, alitoa riwaya yenye jina la mchezo huu, nayo ndani yake ni habari za vijana walioharibiwa na dawa za kulevya. Jina lilitosha: msomaji wa kwao alijua linataja maisha yanayopita bure.

Sasa nije nyumbani.

Nilizaliwa mwaka 1948 karibu na Mazeras, pale ambapo reli itokayo Mombasa inaiacha bahari na kuanza kupanda. Asiyepajua na ajue kwamba garimoshi litokalo Kilindini halipati nafasi ya kujinyoosha. Linapanda tangu mapema, na halimalizi kupanda mpaka lifike Nairobi, mwendo wa kilomita 530 hivi, mahali palipo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo sisi tulilisikia kabla hatujaliona. Mabati ya nyumba yetu yalilisikia kabla yetu.

Nilipokuwa na miaka saba au minane zilikuja injini mpya. Watu wazima waliziita hamsini na tisa, kwa kuwa nambari zao zilianzia 5901 hadi 5934, yaani injini 34. Ziliundwa Manchester na kiwanda cha Beyer, Peacock, kwa namna iitwayo Garratt: boila katikati limening'inia, tangi la maji mbele, mafuta nyuma, na chini magurudumu mafungu mawili, hata likifika kwenye kona linapinda kama jongoo. Uzito wake ulikuwa tani 250 na ushei. Katika reli zote za upana wa mita moja duniani hapakuwahi kuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuliko hizo. Zilipakwa rangi ya damu ya mzee, na kila moja ilikuwa na kibao chenye jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mlima Kenya ulikuwapo, na Kilimanjaro, na Elgoni. Lakini ilikuwapo pia milima ambayo hakuna mwalimu aliyetutajia, kama Gelai na Shengena, yote miwili ya Tanganyika. Naweza kusema bila kutia chumvi kwamba jiografia yangu ya kwanza niliisoma ubavuni mwa injini.

Najua kuna atakayesema: hiyo ilikuwa reli ya mkoloni. Ni kweli. Ilianzwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Kisumu mwaka 1901, na Wahindi walioletwa kuijenga walikufa kwa maelfu. Injini nyingine za aina hiyo ya Garratt, za daraja la 60, zilipewa majina ya magavana. Sisi watoto hatukulijua hilo, na nilipokuja kulijua nilishangaa kwamba halikuniondolea ile raha hata chembe. Sijui kama hilo ni la kuonea haya. Ng'ombe wa jirani mbaya naye ni ng'ombe mzuri.

Lakini mimi nilitazama tu. Sikuandika. Nilikwenda shule, kisha chuo cha ualimu, na mwaka 1978, nikiwa na miaka thelathini kamili, nikapewa ukuu wa shule ya msingi isiyokuwa mbali na reli ile ile. Nilikuwa mkuu mchanga, na mkuu mchanga ni kama askari mpya: anaona uhalifu kila pembe. Nilitaka shule yangu itajwe kwa matokeo ya mtihani. Utoro na uchelewaji ndio nilioupiga vita kwanza.

Mwaka uliofuata kulikuwa na mvulana wa darasa la sita, mtoto wa kibarua wa genge la reli, aliyechelewa siku tatu mfululizo. Siku ya tatu nilimwita ofisini. Hakuwa na kisingizio. Alisema alikuwa akingoja Mlima Shengena.

Nikamwuliza mlima gani unaongojewa. Akatoa daftari katika mfuko wa kaptura. Lilikuwa daftari la hesabu la shule, limekatwa katikati kwa wembe ili lienee mfukoni. Ndani alikuwa ameorodhesha injini zote 34 za daraja la 59, nambari na jina, kwa mwandiko ambao nilikuwa nimewasihi walimu waupate kwa watoto na hawakuupata. Mbele ya injini 21 alikuwa ametia alama ndogo ya kalamu nyekundu, na karibu na alama hiyo tarehe na mahali. Mstari wa 5930, Shengena, ulikuwa mtupu. Baba yake alikuwa amesikia kwamba injini hiyo ingepita wiki hiyo, na kwamba mvuke wote ulikuwa ukingoni.

"Faida yake nini?" nikamwuliza.

"Hakuna, mwalimu."

Sasa nikiwa mzee naona lile lilikuwa jibu la kweli kuliko majibu yote niliyowahi kupewa katika ofisi ile. Siku hiyo nililiona ni ufidhuli. Nilimchapa viboko vinne, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Kisha nikachukua daftari, nikatoka nalo mpaka jikoni tulikochemshia chai ya walimu, nikalitia motoni. Mtoto alisimama mlangoni akatazama. Hakulia. Alikuwa akitazama kwa makini, kama kwamba hata hilo lilikuwa na nambari.

Jioni nilimsimulia mke wangu, nikitazamia anisifu. Marehemu alikuwa mtu wa maneno machache. Akaniuliza, "Daftari lilikukosea nini?" Nikamwambia haelewi mambo ya shule.

Miaka saba ikapita. Mwaka 1986 nilipata nafasi ya kwenda Uingereza kwa mafunzo ya uongozi wa shule, katika mji wa Leeds. Jumamosi moja nikaenda York, nikakosa garimoshi la kurudi, ikanibidi kungoja. Nikatembea jukwaani ili nisipigwe na baridi, na pale mwisho nikamkuta mzee ameketi juu ya kigari cha mizigo, ana daftari. Nilikuwa nimekwisha kuwaona wa namna yake, na tulikuwa tukiwacheka sana bwenini, sisi walimu kutoka nchi mbalimbali. Tulisema hawa ndio waliotutawala.

Mzee aliniamkia, akaniuliza ninakotoka. Nilipotaja Mombasa, alinitazama kama mtu aliyeletewa barua. "Hamsini na tisa," akasema. Alizijua. Alijua zilitoka Manchester, mji ambao naye alikaa siku nyingi, na kwamba kiwanda chenyewe kilikuwa kimefungwa miaka ishirini nyuma. Lakini hakuwahi kuiona hata moja ikitembea, maana zilikuwa za reli nyembamba kuliko ya kwao. Kwake yeye zilikuwa kama wanafunzi waliohamishwa kabla hajafika darasani.

"Wewe umeona ngapi?" akaniuliza.

"Nyingi," nikasema.

"Nyingi ngapi?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimekua kando ya reli ile. Zilipita mbele ya macho yangu utoto wangu mzima, na hata baada ya hapo, na sikuweza kutaja idadi wala kuapa kwamba hii niliiona na hii sikuiona. Aliyekuwa na jibu alikuwa mtoto wa darasa la sita, na jibu lake nililitia motoni mimi. Mzee aliona nimebadilika uso, akanimiminia chai.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijaribu kuelewa ni kitu gani nilichochoma.

Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa jepesi, nami nalikataa. Lilisema hivi: daftari lile lilikuwa kumbukumbu ya historia. Mvuke ulikwisha kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo wapo watu wangelipa fedha kupata orodha ya tarehe na mahali injini hizo zilipoonekana mwishoni. Kwa hiyo lilikuwa na faida. Basi nilikosea hesabu tu. Lakini msomaji ataona kwamba kwa kusema hivyo nimerudia kosa lile lile. Nimelitetea daftari kwa mizani ile ile niliyolihukumia, ya faida, na kama historia isingelihitaji ningekuwa na haki ya kulichoma. Mtoto hakuandika kwa ajili ya wanahistoria. Aliposema hakuna faida alisema kweli, na utetezi wowote unaomfanya mwongo si utetezi.

Wakati mwingine nimesema ni mchezo kama michezo mingine. Hilo nalo halinitoshelezi, kwa sababu mchezo una mshindi. Hapa humshindi mtu. Hukusanyi mali pia. Mwenye kukusanya stempu ana stempu, anaweza kuziuza. Mvizia garimoshi hana chochote ila kwamba aliona. Wahenga walisema macho hayana pazia, yaani kutazama hakuzuiwi na hakuna bei. Huyu ameridhika na kile ambacho kila mtu anapewa bure na hakichukui.

Wala si kwamba tunachukia mambo kama haya popote tuyaonapo. Reli ya Mombasa inapita katikati ya Tsavo. Humo huja watalii kutoka mbali, wana orodha, wakamwona chui wakatia alama, wakaona ndege wa aina fulani wakatia alama, na sisi huwaita wapenda maumbile, tukawabebea mizigo. Nani amewahi kumchapa mtalii? Labda tofauti ni kwamba ndege kaumbwa na Mungu na injini kaumbwa na fundi. Lakini mbona tunasimama mbele ya msikiti wa kale wa Gedi na kushangaa? Huo nao ni kazi ya fundi. Naona sababu ya kweli haitupendezi. Mtalii ana fedha, kwa hiyo muda wake ni wake. Mtoto wa kibarua tulidhani muda wake ni wetu.

Sasa nieleze jambo ambalo sikulieleza hapo juu, kwa sababu linaniuma kuliko viboko. Kabla sijatoka na daftari ofisini nilimdhihaki. Nilimwambia, "Kama ni alama tu, si ungeitia hapa kwenye Shengena ukawahi shule? Nani angejua?" Akanitazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ngeni. Akasema, "Lakini sijaliona, mwalimu."

Mimi ni mtu niliyesimamia mitihani maisha yangu yote. Nimeona karatasi zilizovuja, nimeona mzazi anayemletea mkuu wa shule mbuzi, nimeona mwalimu akipita kati ya madawati akigusa jibu kwa kidole. Nilihubiri uaminifu kila Ijumaa asubuhi mbele ya bendera. Na mbele yangu siku hiyo alisimama mtoto ambaye hapakuwa na msimamizi, hapakuwa na cheti, hapakuwa na kiumbe duniani ambaye angekagua daftari lake, naye aliacha mstari mtupu kwa kuwa hajaliona. Angetia alama ya uongo asingepata kitu. Hapo ndipo penye siri ya mchezo huu: mwenye kudanganya anajiibia mwenyewe, na anajua, na kwa hiyo hadanganyi. Ile faida tuliyoiweka katika mtihani, cheti na kazi na sifa, ndiyo inayozaa wizi. Nilikuwa nikitafuta uaminifu kwa tochi, na nilipouona nikauchapa kwa kuchelewa.

Lipo na jambo la majina. Shule yangu ilikuwa na watoto mia sita. Wakipanga mistari asubuhi niliona watoto, kama nilivyoona treni. Yule mvulana, mahali ambapo sote tuliona treni, aliona thelathini na nne, kila moja kwa jina lake, na moja ikikosekana alijua imekosekana. Siku alipohama, mwaka 1980, baba yake alipopelekwa kituo kingine, sikujua mpaka wiki ya pili, nilipoona daftari la mahudhurio lina mstari mtupu.

Simfanyi mvizia garimoshi kuwa walii. Rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu tangu chuoni, alinipinga vikali nilipomsomea kurasa hizi. Alisema, "Watu wanakwenda kilomita tano kutafuta maji, na wewe unamtetea mtu anayehesabu mabehewa." Akasema pia kwamba amewajua watu waliopenda vitu hata wakasahau wake zao, na kwamba injini haiugui wala haizeeki kwa namna ya kukuita usiku, ndiyo maana ni rahisi kuipenda. Ana haki. Mapenzi yasiyodaiwa chochote yanaweza kuwa maficho. Hata Ian Allan alipoanzisha chama cha wavulana wake, kilikuwa na sheria ya kutovuka uzio, maana walikuwa wakiingia njiani wakahatarisha maisha na kuwakera wafanyakazi. Nilimwuliza rafiki yangu swali moja tu: kama yule mtoto asingeandika nambari, maji yangekuja? Akacheka, lakini hakukubali, na mpaka leo tunabishana. Kwa upande wangu nakubali nusu. Nakubali kwamba mtu akiwa na deni la wenziwe alilipe kwanza. Sikubali kwamba mtoto wa miaka kumi na mbili alikuwa na deni kwangu la kila dakika yake.

Kuna tukio moja ninalolikumbuka kila ninapofikiri habari hizi. Mwezi Novemba mwaka 2001, Waingereza 12 na Waholanzi 2 walikamatwa Kalamata, Ugiriki, karibu na kiwanja cha ndege za kijeshi. Walikuwa ndugu zao hawa wa garimoshi, ila wao waliandika nambari za ndege. Walishtakiwa kwa ujasusi. Walieleza kwamba wanaandika kwa kupenda tu, na mahakama ya kwanza, mwezi Aprili 2002, ikawatia hatiani. Novemba mwaka huo huo, katika rufaa, wakaachiliwa huru. Siwacheki Wagiriki. Nchi ina haki ya kulinda ndege zake, na mimi mwenyewe ningekuwa hakimu huenda ningesema kama walivyosema. Mtu anayeandika ni lazima ana anayempelekea. Mtu anayetazama ni lazima anatafuta kitu. Jasusi tunamwelewa, kwa sababu analipwa.

Injini nyingi za daraja la 59 zilikatwakatwa zikawa vyuma chakavu. Mbili zilisalimika katika makumbusho ya reli pale Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka 1971. Moja ni 5918, Mlima Gelai. Ya pili ni 5930, Mlima Shengena. Nilipofika huko mara ya kwanza, nikiwa nimeshastaafu, sikujua nitaikuta. Nilizunguka nyuma ya mabehewa ya zamani nikaliona jina. Limesimama kwenye nyasi. Nilikaa karibu saa nzima, na watoto wa shule waliokuja ziarani walikuwa wakipanda na kushuka ngazi zake. Nililiona mimi, ambaye sikulingoja.

Mwaka 2017 ilifunguliwa reli mpya ya upana wa kimataifa, na garimoshi la abiria la Mombasa sasa linaanzia Miritini. Injini zake za abiria ni za kutoka China, za aina ya DF11. Siku moja, miezi michache baada ya kufunguliwa, nilimsindikiza mjukuu wangu aliyekuwa akirudi chuo. Katika foleni ya ukaguzi mtu wa makamo akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nilimtambua kwa ile namna ya kutazama. Sasa ni fundi wa umeme bandarini, ana watoto wanne.

Tuliulizana hali. Kisha nikamwambia, hapo hapo kwenye foleni, kwamba nilichoma daftari lake na kwamba nilikosea. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo kwa miaka thelathini na moja, na yalikwisha kwa muda wa kufungua mkanda na kuuweka katika trei.

"Shengena lipo Nairobi," nikaongeza, maana alikuwa kimya.

"Najua," akasema. "Mimi nililiona linatembea, Mwalimu. Mwaka wa pili yake, Mariakani. Lilikuwa na mabehewa ya mizigo."

"Uliandika?"

"Sikuwa nikiandika tena."

Nikamwuliza kama amenisamehe. Wakati ule ule wakatangaza abiria wapande, watu wakasukumana, naye akanipa mkono, akaushika kwa mikono yake miwili, akaenda. Mjukuu wangu naye akaenda. Mimi sikuwa na tiketi. Nilitoka nje, nikafuata ukuta mpaka mahali panapoonekana reli, nikasimama juani na kutoa kalamu. Baada ya muda akaja askari kijana, mwenye adabu.

"Mzee, unamngoja nani?"

Nikamwambia simngoji mtu.